Tundu la Sita

Apa kwanza kwamba haya hayatavuka barabara ya Buswelu. Umeapa? Basi sogea. Ng'washi muuza kahawa, mke wa Mzee Luhende, anatoboa maboksi ya mumewe kwa spoku ya baiskeli. Mwaka jana nyati alimvunja mzee mbavu mbili, na mwezi ujao, kibali cha kuwinda mkononi, anataka kurudi kulekule porini. Ametamka mbele ya kijiwe kizima: atajaribu risasi nyepesi, za kati na nzito, tano tano, kila aina na boksi lake la kulengea. Ikipatikana aina ambayo matundu yake yote yanafunikwa na kikombe cha kahawa, anakwenda. Isipopatikana, bunduki anairudisha polisi na haishiki tena. Jumamosi alitoka uwanja wa shabaha, akaacha maboksi nyuma ya jiko la mkewe, akaenda kuifungia bunduki kabatini. Aliporudi, Ng'washi alikuwa ameshashughulikia mawili.

Luhende akaweka boksi la kwanza kwenye benchi, akafunika matundu kwa kikombe. Moja likabaki nje, pembeni peke yake. La pili, vilevile.

— Nyepesi zinapeperuka, akasema Obedi, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani. Upepo wa ziwa huo.

— Na za kati? akauliza Luhende.

— Za kati zinapeperuka kwa kati.

— Acha fiksi, akasema Otuoma, ambaye hapo kijiweni ni Redio. Mtutu ukipata moto unapinda. Risasi ya mwisho inatoka inaangalia Ukerewe.

— Ukerewe, na uwanja unaelekea mashariki?

— Ndiyo ujue ulivyopinda.

— Mzee, asubuhi ulikunywa nini? akauliza Profesa.

— Uji.

— Basi. Uji unadundisha moyo, moyo unadundisha bega, bega linadundisha risasi.

— Au bunduki imekuzoea, Mzee, akasema Redio. Ikimzoea mtu inaanza dharau. Mkeo je, anakusikiliza?

— Kunyweni kahawa, akasema Ng'washi.

— Zimebaki nzito, akasema Luhende. Nzito ndizo zangu.

Ng'washi alishaliona boksi la nzito. Matundu matano yamebanana kama vifaranga chini ya mama yao. Akaona fahari kidogo, kisha akakumbuka alivyomlisha mtu mzima kwa kijiko wiki sita. Akainama nyuma ya jiko, akachomoa spoku kwenye kanga.

Hapo akafika Winnie, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akalitazama boksi la kwanza.

— Babu, hapa ulipiga risasi ngapi?

— Tano. Kila boksi tano.

— Mbona matundu sita?

Profesa akavua miwani, akahesabu, akaivaa, akahesabu tena. Redio akalivuta la pili. Sita. Muda wote walikuwa wanalikodolea macho lile moja la nje, hakuna aliyehesabu.

— Boksi la tatu liko wapi? akauliza Luhende, naye ameshaanza kulizunguka jiko, wote nyuma yake.

Ng'washi alikuwa amepiga magoti, boksi mapajani, spoku imezama nusu.

— Mama Malimi.

— Abee.

— Unafanya nini?

Akazitazama nyuso zote, moja moja, kisha akaisukuma spoku mpaka ikatokea upande wa pili.

— Nakubakiza nyumbani, Baba Malimi. Ukitaka nunua risasi nyingine. Spoku ninazo gurudumu zima.