Nusu ya Ngege

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi kabla ya matangazo. Mchungaji ameniomba niwe mfupi, nami nimemjibu kwamba fundi wa nguo anajua kukata. Nitajaribu.

Wengi hapa Tororo mnanijua kama Mama Kenya. Jina hilo nililipata sokoni na sikulikataa, maana ni kweli. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Huku Uganda nilikuja na mume wangu alipofungua karakana ya kuchomelea vyuma kwenye njia ya Osukuru. Mimi nikaweka cherehani barazani. Watoto walikuwa wamekua, wana kazi zao Kenya, tukabaki wawili na tukaishi vizuri. Kila Jumamosi tulikula ngege, yule samaki wa ziwani. Mimi ndiye niliyekwenda kumnunua, na kichwa kilikuwa cha mume wangu. Sikuwahi kukionja. Alikuwa akikila kimya kabisa, kama mtu anayesoma.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa ameketi kitandani anavaa viatu. Mimi nilikuwa mlangoni na kikapu. Akaniambia, "Usisahau limau." Nikarudi chumbani kuchukua leso, nikamkuta ameinama na kamba ya kiatu mkononi, kama anayetafuta kitu chini ya kitanda. Alikuwa ameshakwenda. Ndugu zangu, nawaambia, kati ya limau na leso hapakuwa na nafasi hata ya kukohoa.

Tulimvusha kwenda kumzika nyumbani. Pale mpakani Busia askari aliuliza, kama anavyouliza kila gari, "Mnavusha nini?" Nikamjibu, "Baba watoto." Akavua kofia, akatufungulia njia kwa mkono wake.

Nilirudi Tororo kwa sababu wateja wangu wako huku. Sasa sikilizeni jambo ambalo tunalijua sisi tunaoishi ugenini. Msiba wangu ulikuwa ng'ambo. Turubai lilisimama ng'ambo, watu walilia ng'ambo. Upande huu mlijua ninyi wa kanisani na majirani wa ukuta mmoja. Soko halikujua. Kwa hiyo nilipofika kwa muuza samaki wangu, yule mama anayepokea mzigo wake kutoka Majanji ziwani, alipaza sauti kwa Kiswahili chake cha huku:

"Mama Kenya! Wewe napotea wapi? Angalia hii, kichwa kubwa kama ya waziri! Mzee atafurahi."

Nilifungua mdomo nimwambie. Badala yake nikasema, "Leo nikatie nusu tu."

Akacheka mpaka jirani yake wa vitunguu akageuka. "Nusu? Na hiyo nusu ingine naogelea wapi? Peleka mzee chakula, wewe!"

Nikamlipa, nikamchukua samaki mzima. Na niseme ukweli, nilifurahi. Nyumbani mume wangu alikuwa amekufa, kanisani alikuwa amekufa, lakini kwenye meza ile ya samaki alikuwa hai, tena anachaguliwa kichwa. Nikawa nakwenda sokoni kwa ajili hiyo. Kila Jumamosi nilinunua ngege mzima, nikapika, nikapakua sahani mbili, nikashindwa kumaliza hata yangu. Siku nyingine nilikunywa chai ya rangi na kulala. Nikaanza kupunguza viuno vya sketi zangu, mshono ndani ya mshono, nikijiambia kwamba kitambaa kimelegea. Fundi akianza kulaumu kitambaa, jueni kuna jambo. Mwishowe nikaanguka kwenye cherehani. Daktari alinitazama, akasema, "Mama, mwili wako unajitafuna. Ukiendelea hivi, utamfuata mzee."

Jumamosi iliyofuata nilijikokota hadi sokoni. Yule mama akanipima kwa macho, akaweka mkono kiunoni.

"Wewe nakonda hivi, yeye namaliza chakula yote? Nitakuja gombana na huyo mzee!"

Wenzake wakacheka. Nami nikaisikia sauti yangu ikisema, "Hayupo."

"Nasafiri?"

"Tulimzika, mama. Kabla ya mvua."

Kisu chake kilisimama juu ya magamba. "Banange, jamani," akasema polepole. Kisha akanigombeza, ndugu zangu, akanigombeza kama mtoto. "Siku yote mimi nachagua kichwa ya mzee, na wewe nanyamaza? Sisi hapa ni mawe? Nani nalia na wewe huku?"

Akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanishika mabega, akalia kwa sauti. Mama wa vitunguu akaja, wa nyanya akaja. Wateja wakangoja. Msiba wangu wa Tororo ulifanyika pale, kati ya magamba na maji ya samaki, mchana kweupe, na mimi nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Tulipotulia, alimlaza ngege mezani akamkata katikati. Katika safu ile hakuna anayekata samaki, kwa sababu nusu inayobaki hainunuliki. "Hii yako, hii yangu," akasema. "Mimi pia nakula peke yangu, zamani sana. Sasa tutanunua moja, sisi wawili." Akatia upande wa kichwa kwenye kikapu changu. Nikamwambia nimezoea mkia.

"Basi zoea kichwa."

Jioni ile nilikikamulia limau, nikakila. Nikaelewa kwa nini mume wangu hakuwa akizungumza. Kichwa cha ngege kina kazi nyingi, kila mfupa una shughuli yake, huwezi kuongea. Nikacheka peke yangu mezani. Sahani ilikuwa moja, na ilikuwa tupu.

Nawashukuru ninyi mlioniletea uji nilipoanguka. Namshukuru yule mama, ambaye hayupo hapa kwa sababu yeye husali Ijumaa na leo anauza. Namshukuru Mungu aliyeniacha niyaone haya. Na kwa wageni wenzangu nina neno moja. Ukifiwa ng'ambo, sema na huku. Mwambie hasa anayekuuzia chakula, maana yeye ndiye anayejua mko wangapi nyumbani.

Sketi hii mnayoiona niliifumua juzi, mishono yote niliyoipunguzia. Inanibana kidogo.