Swali Lililokosa Chumba

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kibanda cha kutengeneza simu. Fundi mwenyewe, Chaji, ndiye mchemsha kahawa. Admini anasimamia kundi letu la waandika programu mtandaoni, lenye chumba kwa kila mada, na Nukta asipoona kosa kwenye programu yako hapati usingizi. Siku moja waligombania swali la mtu anayejiita Binti Mama. Kaandika programu ya kumkumbusha mama yake kumeza dawa. Inalia mara mbili, na mama, maskini, anameza mara mbili.

— Nimelitoa chumba cha Wanaoanza, nikalipeleka cha Simu, akasema Admini.

— Kwani simu ndiyo mgonjwa? Nukta akamkatiza. Hilo ni suala la saa. Lipeleke Saa na Tarehe.

— Hatuna chumba hicho.

— Kifungue! Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha vyumba? Chaji akacheka. Mtu akishamtaja mama, hiyo si programu tena, ni familia. Peleka Soga.

— Mtu anaweza kudhurika, we unasema soga! Nukta akang'aka.

— Basi likatwe, akasema Chaji. "Dawa" liende Afya, "inalia" liende Sauti, kila neno na kwao.

— Taratibu jamani, akasema Admini. Haraka haraka haina baraka. Swali lipate kwake kwanza, ndipo lijibiwe.

Walinikera, wallahi. Ila na mimi nilikuwa na chumba changu kichwani, nangoja zamu yangu.

Mara akaja dada wa duka la fotokopi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

— Karibu dada, kaa hapa, akasema Chaji.

— Hapo jua, asogee huku, akasema Nukta.

— Mgeni hukaa mwisho wa benchi, akasema Admini.

Dada akabaki amesimama.

— Nyie si ndio wa lile kundi? Binti Mama ni mimi. Programu nimeizima, naogopa. Kila saa ya dawa naacha kazi nakimbia nyumbani, bosi ameshaanza kununa. Swali langu naliona linatembea tu. Hivi, kuna hata mmoja wenu aliyelisoma mpaka mwisho?

Nukta akatazama kikombe chake. Chaji akainua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu. Mimi aibu ilinishika kweli.

Admini akatoa simu alisome. Akafungua chumba hiki, akafunga, akafungua kile. Hakukumbuka alikoliweka.