Mama Aida na Kalenda ya Maji: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuuliza "Wananchi Gani?"

Ifikapo tarehe 27 Februari 2025, Bi. Marlene Bernardo, Afisa Maendeleo ya Jamii katika idara ya afya ya halmashauri yetu, atatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Atakuwa ameutumikia umma kwa miaka thelathini na mitatu, miezi saba na siku ishirini na sita. Hesabu hii imerudiwa mara tatu kutoka kwenye jalada lake la utumishi, kwa sababu mwenyewe ataihakiki, na akikuta siku moja imepungua atasema mbele ya wageni.

Ofisini hatumwiti Bi. Marlene. Tunamwita Mama Aida, kwa jina la binti yake wa kwanza, ambaye ni mwalimu. Alizaliwa Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, mwaka mmoja baada ya baba yake, mzee Bernardo, kuvuka kutoka Msumbiji na mkewe na jembe moja. Anakijua Kimakonde cha ng'ambo zote mbili, Kimakua cha kuombea maji ya kunywa, na Kiswahili ambacho madiwani zaidi ya mmoja wamekiri kwamba kiliwatoa jasho.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991 akiwa karani wa mapokezi katika zahanati ya kijiji. Huko ndiko alikopewa sanduku la maoni la kwanza katika maisha yake. Lilikuwa limetundikwa mlangoni kwa mganga mkuu wa zahanati, mahali ambapo kila anayetumbukiza karatasi anaonekana na mtu anayemlalamikia. Kwa mwaka mzima ilipatikana karatasi moja, nayo ilikuwa ya kufungia karanga. Mama Aida alilihamishia kisimani. Baada ya wiki mbili lilikuwa limejaa. Ndani yake kulikuwa na malalamiko kumi na tisa kuhusu dawa, pongezi mbili, na barua ya posa kwa muuguzi. Barua hiyo aliifikisha kwa mhusika bila kuifungua zaidi ya ilivyohitajika, akieleza kwamba nayo ni maoni ya mwananchi. Muuguzi huyo na mwandishi wa barua wana wajukuu wanne sasa.

Mwaka 2003 alihitimu stashahada ya maendeleo ya jamii, na mwaka 2005 akahamia makao makuu ya halmashauri. Kazi yake tangu hapo ilikuwa kukusanya maoni ya watu kuhusu huduma za afya na kuyafikisha kwa wawakilishi wao yakiwa mazima. Lilipokuja suala la bima ya afya kwa wote, wengine tulitarajia aandike kwamba wananchi wamelipokea kwa furaha. Yeye alirudi na kurasa ishirini na moja za maswali, kila swali likiwa na jina la aliyeuliza na kazi yake.

Kalamu yake nyekundu inajulikana na kila aliyewahi kumpelekea rasimu. Popote palipoandikwa "wananchi wamesema", alipigia mstari neno la kwanza na kuandika pembeni: "Wananchi gani?"

Swali hilo ndilo lililookoa chumba cha kujifungulia cha Namdimu, na hapa inabidi kueleza jambo ambalo baadhi ya wasomaji wanalifahamu nusu nusu.

Oktoba 2023, halmashauri ilikuwa ikipanga upya huduma za uzazi. Lilitolewa pendekezo kwamba zahanati ya Namdimu, kijiji cha pwani ukishapita Msimbati, iache kuzalisha, na mkunga wake, Sista Glory, ahamishiwe kituo cha afya kilicho umbali wa kilomita ishirini na mbili. Kituo hicho kina chumba cha upasuaji. Kijiji kiliahidiwa gari la wagonjwa. Halikuwa pendekezo la watu wabaya; waliolitoa walitaka akina mama wajifungue mahali penye daktari. Lakini kwa utaratibu, halingeweza kupita bila maoni ya mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano huo uliandaliwa na karani mpya wa vikao, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu. Alikuwa na miezi mitatu kazini na alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Alichagua Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, kwa kuwa siku hiyo madarasa ya shule yalikuwa wazi. Walihudhuria watu sitini na watano. Mikono yote ilinyooshwa. Karani akaandika: "Wananchi wote waliafiki pendekezo."

Jumatatu Mama Aida aliisoma rasimu ya muhtasari. Kama kawaida yake, alianza na karatasi ya mahudhurio, si maazimio. Wanaume sitini na mmoja, wanawake wanne. Akavua miwani.

"Mwanangu, wanawake wa Namdimu wamehama?"

Karani alijibu kwamba huenda hawakupenda kuja. Mama Aida akafungua droo na kutoa kalenda ya maji, ile anayoiomba bandarini kila mwanzo wa mwaka, akaweka kidole kwenye tarehe 14. Ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho, na kila mwanamke wa Namdimu mwenye nguvu za kutembea alikuwa kwenye miamba akitafuta pweza, maana siku za namna hiyo ni chache kwa mwezi na ndizo zinazolisha nyumba.

Jumatano walikwenda kijijini wote wawili. Mwanakombo, mama wa watoto watano anayeuza pweza hadi sokoni mjini, aliwapokea akiwa amesimama.

"Asubuhi tumekwenda majini hatujaulizwa kitu. Tumerudi na ndoo kichwani, tunaambiwa tumeshakubali. Tumekubali na nani, na pweza?"

Wenzake walicheka sana. Kisha akauliza, naye hacheki: "Masika maji yanakata barabara siku nne. Hilo gari lenu linaogelea?"

Muhtasari ulikuwa unasubiriwa na Kamati ya Elimu, Afya na Maji kesho yake. Njiani kurudi, karani alipendekeza uongezwe mstari mmoja tu, kwamba baadhi ya wanawake walitoa udhuru. Mama Aida alisema huko ni kuziba ufa wa chungu kwa majivu. Muhtasari ulipaswa kuondolewa, na wa kuuondoa ni aliyeuandika. Karani alisema anaweza kupoteza kazi. Hakuambiwa kwamba hatapoteza. Mama Aida hakuwa na hakika, na si mtu wa kuahidi asichokuwa na hakika nacho. Aliambiwa tu kwamba kiti cha jirani yake kitakuwa na mtu.

Alhamisi karani alisimama mbele ya kamati akasoma maneno machache: mkutano uliitishwa siku ya bamvua, wanawake hawakuwepo, na neno "wote" halikuwa kweli. Diwani wa kata hiyo, Mheshimiwa Mauricio, alikasirika, na alikuwa na sababu.

"Nimeshawatangazia watu gari. Nikawaambie nini sasa, kwamba limepata pancha kabla halijafika?"

Ukumbi ulicheka, isipokuwa watu wawili. Mmoja wao akanyanyuka kwenye kiti cha jirani.

"Waambie umerudi kuwasikiliza, Mheshimiwa," alisema Mama Aida. "Hao waliokuwa majini, siku ya kura huwa wanatoka."

Mheshimiwa Mauricio, na hili lazima liandikwe kwa heshima yake, aliuliza: "Maji mafu ni lini?"

Yalikuwa Jumatatu tarehe 23, siku ambayo bahari haikupwi sana na wanawake hawaendi kwenye miamba. Siku hiyo walikuja watu mia mbili themanini na saba, wanawake mia moja sabini na mmoja. Mkutano ulichukua saa tatu na nusu. Wanawake hawakukataa kila kitu, kama wengi walivyohofia. Walikubali kwamba mwenye mimba ya kwanza, na mwenye dalili za hatari, aende kituo cha afya mapema. Waliomba kuwe na chumba cha kusubiria huko, ili mtu asilazwe sakafuni na mimba ya miezi tisa. Kwa wajawazito waliobaki, walitaka wajifungulie Namdimu, mikononi mwa Sista Glory. Mheshimiwa Mauricio aliyapeleka maoni hayo Baraza la Madiwani na kuyatetea mwenyewe. Alisoma swali la Mwanakombo kama lilivyo, na jina lake. Baraza liliridhia.

Gari la wagonjwa halijafika hadi leo, na wasifu huu hauwezi kusema vinginevyo. Lakini chumba cha kusubiria kipo, kina vitanda sita. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka jana watoto tisini na wanne walikuwa wamezaliwa Namdimu, akina mama kumi na sita walikwenda kituo cha afya mapema, na wote walirudi nyumbani salama. Karani alipewa barua ya onyo, ambayo ingali kwenye jalada lake. Alithibitishwa kazini mwezi Julai uliofuata. Nyuma ya barua ile, mtu fulani amebana nakala ya kalenda ya maji kwa pini.

Mwandishi alipoombwa na uongozi kuandika wasifu huu, alimwendea Mama Aida na kumwomba ruhusa ya kuliruka jambo hilo. Alimjibu: "Ukiliruka, umesoma maazimio bila mahudhurio." Ndiyo maana limeandikwa.

Tunamshukuru mumewe, mzee Danieli, kwa kutuazima mke wake katika safari nyingi zilizomrudisha nyumbani Magomeni na matope na mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini. Tunaishukuru familia nzima. Tunafahamu kwamba shamba la mikorosho la Kitaya linamsubiri, na tunaiombea mikorosho hiyo ujasiri.

Wengine wameuliza kwa nini tunamuaga leo, Ijumaa tarehe 21, siku sita kabla ya siku yake yenyewe. Tarehe 27 ni bamvua, na baada yake unaingia Ramadhani. Leo ni maji mafu. Karani aliitazama kalenda mara mbili kabla ya kumwandikia Mkurugenzi. Safu mbili za mbele zimetengwa kwa wanawake wa Namdimu. Wageni wengine wanaombwa wasizikalie.

Mama Aida, pumzika kwa afya, uishi miaka mingi yenye furaha, na kila mtu atakayeketi na wewe akusikilize kama ulivyotusikiliza. Sherehe itaanza kwa kusomwa karatasi ya mahudhurio. Jina lako ni namba moja. Namba mbili ni Mwanakombo.