Elina Analala kwa Nani: Risala ya Bibi Walezi wa Nkunga

Mgeni rasmi, Mkurugenzi kutoka mamlaka inayosimamia vyuo vyenye wanafunzi kutoka nje ya nchi. Ndugu Mtendaji wa Kata. Mwalimu Lugano, Mkuu wa Chuo chetu. Walimu, wazazi na wasichana wetu,

Makaribisho

Tunakupokea kwa mikono miwili, na tunakuomba radhi kwa viatu vyako. Mvua ya huku haina ratiba. Tulikuona pale darajani ukisimamisha gari ili mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani apite kwanza, na dereva wako hakupiga honi. Hilo tumeliweka moyoni. Ndaga fijo, asante sana.

Risala hii imeandikwa na mwenzetu Tupokigwe, na inasomwa na Doreen, mkwe wake. Tupokigwe akisoma mwenyewe atalia, na tumekubaliana kwamba leo hakuna kulia.

Tulikotoka

Chuo cha Ushonaji Tuganane kilianza na cherehani mbili ndani ya ghala la zamani la kahawa. Bweni hakikuwa nalo, na mpaka leo hakina. Kwa hiyo kila msichana anayetoka mbali analala kwa bibi mmoja wa hapa Nkunga. Sisi bibi tuko kumi na mmoja. Msichana anakula tunachokula, anachota maji kama wajukuu wetu, na akiumwa tunamuuguza.

Mgeni rasmi, ukungu wa huku ukishuka humwoni mtu aliye hatua tano mbele yako. Ndiyo maana tuliweka daftari. Upande mmoja jina la msichana, upande wa pili analala kwa nani. Kila jioni mmoja wetu anapita nalo nyumba kwa nyumba. Asipoonekana mtoto, tunatoka kumtafuta. Daftari hilo analitunza Tupokigwe, na kwa miaka kumi na minne hatujapoteza mtoto hata mmoja.

Miaka sita iliyopita walianza kuja wasichana kutoka Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe ulio mpaka wa nchi. Wanaongea kama sisi, wanapika ndizi kama sisi, na wanapiga magoti kusalimia kama tulivyofundishwa na mama zetu. Haikutujia kuwawekea daftari la peke yao.

Tunayojivunia

Wasichana tisini na wanne wamemaliza. Sare za shule za kata hii zinashonwa hapa. Mengine utayaona kwa macho, hatutaki kukuchosha.

Yaliyotufika

Mwezi wa tatu ililetwa fomu kutoka ofisini kwako. Mwalimu Lugano alikuwa amelazwa Mbeya, akaagiza ijazwe na Tupokigwe kwa kuwa ndiye mwenye daftari. Swali la saba liliuliza wanafunzi kutoka nje ni wangapi. Tupokigwe akavaa miwani, akafungua daftari, akashuka na kidole: kwa Tupokigwe, kwa Arafa, kwa mama Ackson. Wote wanalala Nkunga. Akaandika sifuri, akaipigia mstari kwa rula.

Mwezi wa nne akaja mkaguzi, Bwana Hezron. Ni kijana wa watu. Alivua viatu mlangoni kwa Tupokigwe, na alipoona kiti kinacheza alikwenda kwenye gari, akaleta bisibisi, akakikaza mguu. Kisha akaketi, akafungua fomu.

"Bibi, hapa mmeandika sifuri. Lakini huyu binti aliyenipa chai ameniambia kwao ni Karonga."

"Elina? Ndiyo, amezaliwa huko."

"Basi ni mwanafunzi kutoka nje."

"Baba, Elina analala chumba hicho cha pili. Kitanda chake unakiona kutoka hapo ulipo."

Arafa, ambaye alikuwa amekuja na mandazi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, kama unatafuta wa nje, niandike mimi! Babu yangu alikuja huku Tukuyu na cherehani begani kutoka Tanga, na mpaka leo wananiita mtu wa Pwani."

Bwana Hezron alicheka naye, akala mandazi mawili. Lakini aliandika. Alipoaga alimshika Tupokigwe mkono akasema, "Bibi, mimi naandika nilichokiona. Nisamehe." Tulimsamehe siku hiyohiyo.

Barua iliyofuata, mgeni rasmi, iliyosainiwa kwa niaba yako, ndiyo imetushinda.

Ilisema chuo chetu kina wanafunzi watatu kutoka nje, kwa hiyo kilipe ada ya usimamizi ya shilingi milioni nne kwa mwaka. Wasichana hao watatu kwa pamoja wanalipa karo ya laki nne na nusu, tena mmoja alileta nusu yake kwa mchele. Tukauliza kama kuna kosa. Tukajibiwa hakuna: ada ni ileile kwa chuo chenye wanafunzi elfu moja kutoka nje na kwa chuo chenye watatu. Na mpaka ilipwe, hao watatu wasiandikishwe kwenye mtihani wa mwisho.

Tukauza maparachichi, tukauza mbuzi wawili, kanisani wakatoa sadaka ya pili, na msikitini Arafa akachangisha. Tukapata laki sita na arobaini elfu. Mwalimu Lugano akaenda nazo benki na namba ya malipo tuliyopewa. Akaambiwa mfumo haupokei pungufu. Akaomba namba nyingine ya kulipa kidogo kidogo. Mfumo hauna. Aliporudi kuuliza, ile namba ya kwanza nayo ilikuwa imekwisha muda.

Tukasema, basi, kwa uchungu, tuwarudishe wasichana kwao ili chuo kiondolewe kwenye orodha. Tukajibiwa kwamba kuondolewa kwenye orodha kuna ada yake.

Mgeni rasmi, sisi ni watu wazima. Tumevumilia mengi. Lakini hapo hata Tupokigwe, ambaye hajawahi kumgombeza kuku, alirusha miwani mezani.

Wasichana wawili walivuka mpaka wa Kasumulu kurudi kwao mwezi uliopita. Tuliwafungia ndizi za njiani. Amebaki Elina. Kila asubuhi anakwenda darasani kama wenzake, na mtihani unaanza Jumatatu.

Tunayoomba

Hatukatai kusimamiwa. Tumesikia redioni kuhusu vyuo vilivyokula karo za watoto wa watu na kuwaacha stendi. Walio hivyo wabaneni, tena mtubakizie nafasi tuje kutazama.

Ila tulikaa tukasoma barua yako yote, kurasa nne, na Doreen akitusomea maneno magumu mara mbili. Ukurasa wa tatu umeeleza ada hiyo ni ya nini. Ni ya kuhakikisha kwamba mwanafunzi aliye mbali na kwao ana mahali salama pa kulala, anakula, na kuna mtu anayejua alipo jioni.

Mgeni rasmi, daftari hili hapa. Tupokigwe atakuletea mezani. Fungua jioni yoyote unayotaka.

Tunaomba ada ipimwe kwa idadi ya wanafunzi na kwa uwezo wa chuo. Tunajua hilo lina vikao vyake, na tutasubiri. Tunaomba wale wawili waitwe warudi. Hilo nalo tutasubiri.

Lakini Jumatatu haisubiri. Tunaomba jina la Elina liingie kwenye orodha ya mtihani, kwa kalamu yako, leo, kabla gari lako halijavuka daraja.

Sasa atakuja mbele msichana kukukabidhi zawadi yetu, shati la kitenge. Vipimo vyako tulipewa na katibu wako, tunamshukuru. Ndiye Elina. Shati hilo ndiyo kazi yake ya mikono ya mtihani, na kwa kuwa hana namba ya mtihani, hakuna aliyeruhusiwa kulisahihisha. Tunakuomba usilikunje kwanza. Geuza kola, tazama mshono wa ndani, kisha utuambie mbele ya watu hawa kama aliyelishona anastahili kurudishwa mpakani.

Mungu akupe safari yenye barabara kavu, akulindie watoto wako popote wanapolala, na awape bibi wa kuwahesabu jioni.

Ni sisi,
Bibi Walezi wa Chuo cha Ushonaji Tuganane,
Nkunga, Rungwe.