Siku Niliponyamaza kwa Mazishi ya Mama Mwende

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na mimi niliyechelewa kufungua mdomo niwe wa kwanza kuitikia!

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Mama Kioko, mwenyekiti wa mwethya wa akina mama hapa Kangundo. Tunasaidiana kulima, leo kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa la yule. Waliponichagua nilicheka, nikadhani ni mzaha. Aliyenipendekeza ni rafiki yangu Mama Mwende, mjane mwenye mdomo mkali na roho safi.

Lakini kulikuwa na sauti ndani yangu. Haikuwa pepo wa kupiga kelele, hapana! Ilinong'ona tu. "Wewe uliyeletwa hapa na ndoa kutoka Kivaa, uliyeachia shule njiani, utawaambia nini watu?" Nikiitwa kusema, nilisingizia koo, nikamsukuma katibu. Watu wakanisifu eti mimi ni mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ulikuwa ni woga umefungwa kitambaa cha kichwa.

Mama Mwende akaugua. Tulipoenda kumpalilia kahawa yake, alitolewa nje akaketi kwenye kiti, akatuambia sote tukisikia: "Nikienda, hili shamba ni la binti yangu Mwende. Ndiye alirudi kunitunza. Mwenyekiti, wewe ndiye utasema siku ya kunizika." Nikamwambia, "Nitasema."

Mnajua kwetu. Neno la marehemu likisemwa mbele ya waombolezaji kabla jeneza halijashuka, ukoo hauwezi kulipita hivi hivi. Lisiposemwa, nani atalitafuta baadaye?

Siku ikafika. MC akaita, "Mwethya waje watoe salamu." Nikashika maikrofoni. Mstari wa mbele walikuwa wameketi shemeji za marehemu, ndugu za mume wake, wote wananitazama. Ile sauti ikaja mbio: "Utagombanisha watu kaburini? Wewe ni nani?" Ndugu zangu, nilisema "poleni kwa familia," nikampa katibu maikrofoni. Katibu akashukuru waliopika na waliochota maji. Jeneza likashuka. Udongo ukamwagwa.

Haikupita muda, shemeji hao wakalizungushia shamba seng'enge. Mwende akaenda kupanga chumba sokoni, akaanza kuuza sukuma wiki. Nami nikawa napitia njia ya nyuma ndio nisimuone. Siku moja tukakutana ana kwa ana. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Aliniuliza tu, "Mwaitu, mama yangu, si wewe ulikuwa umesikia?" Akachukua ndoo yake akaenda.

Nilipiga magoti jikoni, nikalia. Nilimwomba Mungu aniondolee ile sauti, kisha ndio niende nikaseme. Haikuondoka! Nikangoja ujasiri, nao haukuja. Mwishowe nikaona nilikuwa naomba vibaya, nikasema, "Bwana, hii sauti itaongea, na mimi pia nitaongea. Nishike tu nisikimbie."

Mwethya uliofuata niliweka jembe chini, nikawafungulia wenzangu moyo. Wakanitazama. Mmoja akasema, "Kwani sisi hatukusikia? Tulikuwa tunangoja wewe mwenyekiti uanze, tukuunge mkono." Ndugu zangu, hilo liliniumiza kuliko yote. Kumbe woga wangu ulikuwa umefunga midomo ya wote!

Tukaenda pamoja kwa kikao cha ukoo. Nilisimama mbele ya wazee. Ile sauti ilinipigia kelele tangu mwanzo hadi mwisho, lakini maneno ya Mama Mwende niliyasema jinsi alivyoyasema, na akina mama wakasimama wakashuhudia. Wazee wakaamua shamba ni la Mwende. Haleluya! Mungu ni mwema!

Lakini sitawadanganya kanisani. Tulipotoa seng'enge, tulikuta mibuni yote imeng'olewa, imeuzwa kuni. Kahawa ambayo mama yake alipanda kwa mikono yake mwenyewe! Mwende aliokota mzizi mmoja, akaukung'uta udongo. Amenisamehe, na leo tunapanda miche pamoja. Ila najua, na ninajuta, ningesema siku ile kaburini, msimu huu angekuwa anachuma.

Namshukuru Mungu aliyenisimamisha hata baada ya mimi kukawia. Msidhani ile sauti imekufa. Asubuhi hii imeniambia nitaaibika mbele yenu. Nimekuja nayo, na bado nimesema.

Dada yangu, umechaguliwa na unajificha nyuma ya koo linalouma. Mwamini Yesu leo, usingoje kwanza woga uishe. Kuna mtu ambaye maisha yake yanangoja neno lako, na wenye seng'enge hawakungoji. Kama ni wewe, toka hapo ulipo uje hapa mbele tuombe. Usijipange. Njoo tu, hivyo hivyo ukitetemeka.