Meza Mlangoni pa Mochwari

Hivi wewe, ukiombwa uahidi macho yako, halafu ukaelekezwa kwenye meza iliyowekwa mlangoni pa mochwari, utaingia au utatimua mbio? Kijiwe chetu cha kahawa kinatazamana na geti la hospitali. Leo wamebandika bango: AHIDI VIUNGO VYAKO, OKOA MAISHA, na mshale unaoelekeza nyuma, kwa marehemu. Kinyozi kaenda kuchungulia, karudi anahema. Profesa, muuza makava ya simu aliyeagana na shule mapema, keshapata nadharia. Mimi, Digrii, sina ajira, kwa hiyo muda ninao. Katikati yetu kakaa Fundi wa cherehani. Vioo vya macho yake vimeingia ukungu, anasubiri kupandikizwa vya mtu aliyefariki. Kwa sasa, kila asubuhi, tunamtungia uzi kwenye sindano zake ndipo tunywe.

— Umeona nini huko, Kinyozi?

— Meza, na karani kasinzia. Nikakohoa, akashtuka: "Karibu, umekuja kuleta au kuchukua?"

— Ukasemaje?

— Nimepotea njia!

Profesa akapiga goti lake kofi.

— Ndiyo mbinu yao! Ukisaini, jina linaingia kwenye kompyuta. Siku ukienda na mafua, daktari anasoma: huyu ana figo mbili safi. Unalazwa, huamki.

— Figo zako wewe, kwa pombe ile? Nani atazitaka?

— Apewe adui yangu.

— Mimi hofu yangu moyo, akasema Kinyozi. Ukihamia kwa mwingine, si utaendelea kumpenda mke wangu? Nimtafutie mwanamume mwenyewe?

— Na macho je? akadakia Profesa. Atakayepewa yangu ataona yote niliyoyaona. Hata ya kule kwa shemeji!

— Guys, please! nikafoka. Hii ni karne gani?

— Digrii, wewe umesaini?

Nikapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Process yao haijakaa sawa.

Kiingereza hunifaa sana nikikosa jibu.

Fundi akacheka.

— Tungeni, jamani. Gauni la watu linasubiriwa.

Kinyozi akalamba uzi, akautunga, akamkabidhi. Fundi akapapasa, akajichoma kidole. Akakinyonya.

Mwenye gauni akatokea. Hatujawahi kumwona hapa. Akaangalia ule mshono uliopinda, akaangalia kidole, hasira ikamtoka.

— Fundi, kwani hospitali wanasemaje?

— Wanasema nisubiri, dada.

Akatugeukia sisi.

— Anasubiri macho ya nani?

Profesa akapanga makava yaliyokwisha kupangwa. Kinyozi akainamisha kikombe, kitupu. Birika nalo likatoa mashapo ya mwisho. Mimi nilikuwa na sindano yake nyingine mkononi, nikiitunga uzi, na macho yangu mazima mawili. Tundu likanipotea.

Sasa nyie wakubwa wa hospitali, msijifanye hamsikii, geti liko hapa hapa. Ondoeni meza mochwari! Iwekeni kwenye foleni ya dawa, tunakokaa mpaka makalio yanakufa ganzi. Mleteni aliyepandikizwa akapona, amjibu Profesa maswali yake yote, hata la shemeji. Na mganga mkuu asaini wa kwanza, hadharani, tukimwona kwa macho yetu. Wa pili ni mimi. Kalamu leteni nyie.