Mzee Yakubu Anarudi kwa Ngamia Wake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Yakubu Han anavua aproni. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye mgahawa wa halali hapa Xiaobei, Guangzhou, akivuta tambi kwa mkono, na sisi Watanzania wa kusafirisha kontena ndio tumeshiba. Kuzunguka viwanda vya jinzi Xintang si mchezo jamani. Bila supu yake wengine tungeshazimia.

Kwao ni Xunhua, mkoa wa Qinghai, na kabila lake ni Msalar. Kisalar ni ndugu wa Kituruki. Waturuki wanaokuja maonyesho ya biashara ya Pazhou walikuwa wanaelewana naye nusu nusu mpaka wanasahau kula. Wazee wa Wasalar wanasimulia kwamba walitoka Samarkand na ngamia mweupe, kabeba Qurani, udongo na maji ya kwao. Ngamia akapotea, wakamkuta kageuka jiwe penye chemchemi. Wakalinganisha udongo na maji, vikawa sawasawa na vya kwao, wakahamia palepale. Mwenzetu Rashid wa Kariakoo anasema huo ndio mzigo pekee ulioingia China bila wakala.

Shida watoto. Shule Kichina, simu Kichina. Mjukuu wake Halima kazaliwa hapahapa Guangzhou. Akisemeshwa Kisalar anajibu Kichina, basi Mzee anabaki kuongea na unga. Hilo tu ndilo lilimnyima raha.

Akatutungia sheria: anayetaka pilipili ahesabu bakuli za meza yake kwa Kisalar, kuanzia bir, yaani moja. Hujui? "Meiyou!" Hakuna! Unakula kama mgonjwa wa wodini.

Siku moja Rashid kahesabu kwa sauti ya mnadani, karuka nne, kaingia tano. Halima akainua macho kwenye simu, akacheka mpaka machozi, akamhesabia mpaka kumi. Tena akamalizia kwa Kisalar hichohicho: "Mjomba, wewe kichwa maji!" Mzee alipotutafsiria alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye unga. Tambi za meza nzima ziliiva zikawa uji, na hakuna aliyelalamika. Toka hapo mwalimu wetu ni Halima.

Sasa yeye na Halima wanaenda wote Xunhua, kwa bibi yake Halima, ambaye Kichina chake ni cha kununulia vitunguu tu.

Mzee wetu, asante kwa kila bakuli. Rashid tutamkumbusha nne. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, umwoneshe Halima yule ngamia wa jiwe, na ukimwita mjukuu wako uani akuitikie kwa lugha yenu.